Tatu Nukta Tano

Kuna sentensi moja fupi katika matangazo ya kazi za benki hapa nchini ambayo nimeichukia kwa muda mrefu. Husema kwamba mwombaji awe na shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.5. Haielezi kwa nini iwe hivyo. Imekaa pale katikati ya tangazo, baina ya umri na ujuzi wa kompyuta, imetulia kama amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Mtu mwenye 3.4 anaisoma, anakunja gazeti, anaondoka. Leo nataka kuisema sentensi hiyo bila kumung'unya maneno, na atakayeona nimemgusa anivumilie, kwa maana nimelivumilia tangazo lake miaka mingi.

Kwanza tuelewane juu ya tarakimu zenyewe, kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao hurudi nyumbani na karatasi ya matokeo na kuwaambia tu kwamba "nimefaulu". Katika vyuo vyetu vingi kipimo ni cha pointi 5. Alama A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Zinachanganywa zote kwa uzito wa kila somo, tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, inapatikana wastani mmoja. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza. Kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Kuanzia 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na chini ya hapo hadi 2.0 ni kufaulu tu. Maana yake ni kwamba kijana aliyepata B safi katika kila somo alilolisoma maishani mwake chuoni, bila kurudia mtihani hata mmoja, ana 3.0. Kwa tangazo la benki kijana huyo si mtu.

Mimi si msomi wa chuo kikuu. Niliingia benki mwaka 1978 nikiwa karani mwenye cheti cha kidato cha nne, enzi zile ukisema "benki" kila mtu alijua unaisema ipi, kwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara ndiyo iliyokuwa ikifanya biashara hiyo peke yake Bara. Nikafunzwa kazi na mzee mmoja aliyekuwa na mkono mzuri wa kuandika leja na hasira za haraka. Alitufundisha kwamba ukiletewa hati yoyote usome tarehe kabla ya tarakimu, maana mwizi huitengeneza sana tarakimu na kuisahau tarehe. Jioni hatukutoka mpaka vitabu vimelingana, hata kama tofauti ni senti 20. Nilistaafu mwaka 2018 nikiwa nimeona mabosi wa kila aina na shahada za kila aina. Kwa hiyo nisemapo kwamba sijawahi kuona uhusiano wa karibu baina ya GPA ya mtu na uwezo wake wa kugundua kwamba mkopo fulani utaoza, siyasemi hayo kwa wivu wa aliyekosa shule. Nayasema kwa sababu nilikaa pale miaka 40.

Sasa kuna kazi ambayo vijana wa siku hizi wanaitamani kuliko ukarani wetu, nao huiita kazi ya benki za uwekezaji. Nieleze kwa ufupi. Hii si kazi ya kupokea amana dirishani. Ni kazi ya kuthamini kampuni, kuisaidia kuuza hisa kwa umma, kuisaidia serikali au shirika kukopa kwa njia ya hatifungani, na kusimama katikati kampuni moja inapoinunua nyingine. Marekani kazi hiyo imejaza majengo mazima ya New York. Kwetu ni changa. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilipitishwa mwaka 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifungua mnada wake wa kwanza tarehe 15 Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Mwaka 2008 zikauzwa hisa za NMB, mwaka 2009 za CRDB, na mwaka 2017 za Vodacom kwa shilingi 850 kila moja. Wanaofanya kazi hiyo hapa mjini ni makampuni machache ya udalali wa hisa, idara za mabenki makubwa, na washauri wachache wa fedha. Ni nyumba yenye vyumba vichache na milango michache, na kila mlango umebandikwa 3.5.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amezaliwa na kukulia hapa Kurasini. Msomaji asiyeijua Kurasini aifikirie kama ua wa nyuma wa bandari. Malori ya makontena yanapita Barabara ya Kilwa na ya Mandela usiku na mchana, matangi ya mafuta yako upande wa bahari, na baina yake kuna watu wanaoishi, wengine wakiwa wamekwisha kuhamishwa mara moja au mbili kupisha upanuzi wa hiki na kile. Ajabu ni kwamba ni mtaa wa vyuo pia. Chuo cha Diplomasia kiko hapa, na Chuo cha Uhasibu kiko Barabara ya Kilwa, hata kituo cha daladala kinaitwa Uhasibu. Mtoto wa Kurasini anakua akiwaona wahasibu na mabalozi watarajiwa wakinunua chapati pale pale anaponunua yeye.

Dada yangu ni mama lishe. Wateja wake ni madereva wa malori na makuli. Mtoto huyu alijifunza hesabu kwenye daftari la madeni la mama yake, na alipokuwa darasa la sita alikwisha kujua kumtofautisha dereva anayekopa kwa sababu posho yake imechelewa na dereva anayekopa kwa sababu hatarudi. Nasema hivi kwa makusudi. Huo ndio uchambuzi wa mikopo. Hauna jina lingine.

Aliingia chuo kikuu mwaka 2016 kusomea fedha. Mwaka wa kwanza hakupata kitanda, akawa anatoka Kurasini alfajiri kwa daladala mbili, na jioni akirudi anaosha masufuria. Fedha ya kujikimu, ile wanayoiita bumu, ilipochelewa alikuwa hana nauli, na siku za namna hiyo hakwenda darasani. Mwaka ule alipata wastani wa 2.3. Mwaka wa pili wenzake wawili wakambeba, yaani wakamruhusu kulala chumbani kwao kitanda kimoja watu wawili, akapata 3.3. Mwaka wa tatu akapata chumba chake, akapata 4.2. Changanya, gawa kwa 3. Jibu ni 3.27, kwenye cheti ikaandikwa 3.2.

Hebu sasa tumweke pembeni yake kijana mwingine, ambaye simjui bali hesabu zinamruhusu kuwepo. Huyu mwaka wa kwanza alipata 4.4, kwa kuwa alitoka shule nzuri na nusu ya masomo alikwisha kuyasoma. Mwaka wa pili 3.5. Mwaka wa tatu, masomo yalipokuwa magumu kwelikweli, yale ya kuthamini kampuni na ya masoko ya mitaji, akapata 2.7. Wastani wake ni 3.53. Tangazo linasema huyu aje na yule asije! Ndugu msomaji, mtu anayethamini makampuni kwa kazi, ukimwonyesha kampuni mbili, moja faida yake inapanda kila mwaka na nyingine inashuka kila mwaka, kisha akakwambia atanunua inayoshuka kwa sababu wastani wake wa miaka mitatu ni mkubwa kidogo, utamfukuza kazi siku hiyohiyo. Lakini hivyo ndivyo wanavyowanunua watu wao.

Najua jibu lao, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi. Wanasema waombaji ni wengi mno. Ni kweli ni wengi. Sisi wa Temeke tulioshuhudia mambo ya Juni 2014 hatuhitaji kusimuliwa: Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, na walioitwa kwenye usaili walikuwa zaidi ya 10,000, ikabidi wakusanywe Uwanja wa Taifa, wakakaa kwenye viti vya mashabiki wa mpira wakiwa na bahasha zao. Mwajiri mwenye maombi mengi namna hiyo anahitaji chujio. Sikatai. Ninachokataa ni kuliita chujio hilo kipimo cha akili. Chujio limechaguliwa kwa sababu ni rahisi, basi. Kompyuta inaweza kulitumia bila kulipwa posho. Mpwa wangu alipojaza fomu ya benki moja kwenye mtandao, alipoandika 3.2 kwenye kisanduku chake na kubonyeza, fomu ilikataa kwenda ukurasa wa pili. Ule wa pili ndio uliokuwa unauliza unajua nini.

Na hilo chujio lina tundu, nalo tundu lake sote tunalijua. Linaitwa kimemo. Katika miaka yangu 40 nimewaona vijana waliokuja kazini na cheti, na nimewaona waliokuja na kikaratasi kilichoandikwa "tafadhali msaidie huyu ni kijana wetu". Mwenye kikaratasi hakuulizwa GPA na mtu yeyote. Wengine, nikiri kwa haki, walikuwa wachapakazi wazuri kabisa, jambo ambalo linathibitisha hoja yangu kwamba tarakimu ile haikuwa na ulazima. Kwa hiyo sheria ya 3.5 haimzuii kila mwenye 3.2. Inamzuia mwenye 3.2 asiye na mjomba mkubwa. Mjomba wa huyu ni mimi, na kimemo changu hakifiki hata Bendera Tatu.

Tena tusijifanye hatujui GPA hutengenezwaje. A ya chuo kimoja si A ya chuo kingine, wala A ya mwalimu mmoja si A ya mwenzake wa ofisi jirani. Kuna wanaosoma na kuna wanaodesa, yaani wanaokariri maswali ya miaka iliyopita, na wote wawili wanaweza kukutana kwenye 3.8. Na kuna jambo la aibu ambalo hatupendi kulitaja mbele ya watoto wetu wa kike, la alama zinazodaiwa kwa njia ya mwili. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelitaja kosa la rushwa ya ngono waziwazi, na Bunge halitungi kifungu kwa ajili ya jambo lisilokuwepo. Binti aliyekataa na kupewa C, na binti asiyekutana na balaa hilo, tangazo linawapima kwa rula moja. Wanaume wenzangu wanaopanga vigezo vya ajira wangelifikiria hilo japo dakika tano.

Watasema tena: lakini fedha za watu ni jambo zito, lazima tuwe na watu waliofaulu sana. Vyema. Tuitazame historia ya waliofaulu sana. Mwaka 1994 ilianzishwa kampuni ya uwekezaji huko Marekani iliyoitwa Long-Term Capital Management. Ndani yake walikuwemo Robert Merton na Myron Scholes, ambao mwaka 1997 walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya kuthamini mikataba ya fedha. Duniani hapakuwa na GPA kubwa kuliko hiyo. Mwaka uliofuata, 1998, kampuni ikaanguka kwa kishindo hata mabenki makubwa yakalazimika kuchangishana dola bilioni 3.6 kuiokoa, ili isiporomoke na wengine. Miaka 10 baadaye, Septemba 2008, ikafuata Lehman Brothers, benki ya uwekezaji iliyokuwa ikiajiri kutoka vyuo bora vya Marekani.

Na sisi? Mikopo ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika ambayo benki yetu ya taifa haikuweza kuikusanya ilifikia mahali ikaundiwa chombo chake, LART, mwaka 1991, kazi yake ikiwa kudai tu. Mikopo ile haikuidhinishwa na makarani wa kidato cha nne. Iliidhinishwa na watu wenye shahada, mara nyingi kwa shinikizo kutoka juu, na wakati ule kilichokuwa kinatakiwa ni mtu wa kusema "hapana", sifa ambayo haina somo chuoni wala alama. Nalo sakata la EPA katika Benki Kuu, shilingi bilioni 133 zilizolipwa isivyo halali kwa makampuni 22 mwaka wa fedha 2005/06, halikusababishwa na mtu kushindwa kujumlisha.

Nikumbushe jambo ambalo vijana hawalijui na wazee wamelisahau. Nchi hii iliwahi kuamua kwamba mtihani peke yake hautoshi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mtu asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, bali afanye kazi kwanza, aonekane na wenzake kazini, kisha apendekezwe. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake nyingi. Ulimpa katibu wa tawi la chama madaraka juu ya hatima ya mtoto wa jirani yake asiyemwamkia, na mwishowe uliachwa. Siutaki urudi. Nautaja ili kuonyesha kwamba swali lilikwisha kuulizwa hapa hapa nyumbani: je, ni haki kumhukumu mtu kwa karatasi zake za mitihani tu? Tulipouacha ule utaratibu tuliliacha na swali. Siku hizi hata shule za sekondari tulizijaribu kwa GPA, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014, mpaka mwanzoni mwa 2016 waziri akaamuru turudi kwenye madaraja ya zamani kwa sababu wazazi hawakuelewa kitu. Kwa mabenki hakuna waziri wa kuamuru.

Wenzetu tuliowaiga wamekwisha kugeuka. Mwaka 2015 kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Ernst & Young ilitangaza huko Uingereza kwamba haitadai tena daraja la shahada kama sharti la kuomba kazi; itawapima watu kwa mitihani yake yenyewe. Na ukitaka mfano wa kale zaidi, tazama Goldman Sachs, benki ambayo kijana akiitaja huinua nyusi. Sidney Weinberg, aliyeiongoza tangu mwaka 1930 hadi alipofariki mwaka 1969, aliacha shule akiwa mtoto, akaingia pale mwaka 1907 akiwa msaidizi wa mfagizi. Sisemi wafagizi wote wapewe benki. Nasema pale palikuwa na mtu aliyemwangalia mfagizi akaona kitu, na sisi tumeweka kisanduku ambacho hakina macho.

Hapa nitoe kidogo kwa vijana wenyewe, maana wako wengine wanaokera. Kuna aliyepata 2.8 kwa sababu ya disko na bia za Jumatano, na anataka tumlilie. Huyo simtetei. Wapo pia wale wahamasishaji wa kwenye kumbi za hoteli, wanaotoza kiingilio na kuwaambia vijana kwamba GPA si kitu, cha muhimu ni kujiamini na kufahamiana na watu. Uongo mtupu. GPA ni kitu, ndiyo maana naipigia kelele. Kijana mwenye 3.2 anayeambiwa ajiamini tu, anatumwa vitani na fimbo. Ninachomwambia mimi ni kwamba ziko njia za uani, ni ndefu, na azijue. Mitihani ya CFA, ambayo wachambuzi wa hisa duniani kote wanaiheshimu, haikuulizi GPA. Inakuuliza ada, nayo ni ya dola. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ina kozi na mtihani wake kwa wanaotaka kufanya kazi kwenye soko. Kampuni ndogo ya udalali, idara ya mikopo ya taasisi ndogo ya fedha, ofisi ya mkaguzi wa hesabu yenye meza tatu Kariakoo, hizo ndizo ngazi zake. Mwenye 3.5 ataanzia ghorofa ya nne. Wewe utapanda kwa miguu, tena ukifika juu hutapewa maji.

Mpwa wangu ameanza kupanda. Tangu mwaka 2019 ana kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu, upande wa Mivinjeni. Wateja wakipungua anasoma taarifa za mwaka za makampuni yaliyoorodheshwa sokoni, ambazo hupatikana bure. Mwaka 2021 alinijia na swali: kiinua mgongo chako kilichobaki kimekaa wapi, mjomba? Nikamwambia kiko benki, akaunti ya akiba. Akacheka, akaomba radhi kwa kucheka, halafu akanieleza habari ya hatifungani ya serikali ya miaka 25 iliyokuwa imeanza kutolewa mwaka huohuo kwa riba ya asilimia 15.95. Nikauliza maswali yote ya karani mzee. Ikitokea nimekufa? Nikitaka kuiuza kabla ya muda? Riba mpya ikishuka inakuwaje? Akajibu yote, na lile la mwisho akalijibu kwa kuchora kwenye karatasi ya risiti: riba mpya zikishuka, hii ya zamani inapanda bei. Nikanunua ya milioni 10. Mwaka 2022 serikali ikashusha riba ya miaka 25 hadi asilimia 12.56, na zile za zamani zikapanda bei sokoni kama alivyochora. Mimi kila nusu mwaka napokea shilingi 797,500. Nilifanya kazi benki miaka 40, na aliyenieleza hatifungani ni msichana ambaye benki haikumruhusu kwenda ukurasa wa pili.

Halafu likaja suala la saruji. Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani, ambayo ndiyo wenye Twiga, itanunua asilimia 68.33 ya Saruji ya Tanga. Magazeti yaliandika bei. Yeye akaandika kurasa nne kwa mkono, nami ninazo, akisema bei si tatizo. Tatizo ni kwamba kampuni mbili kubwa zikiwa chini ya mwenye mali mmoja, kuna mtu ataenda kulalamika kwa wenye mamlaka ya ushindani, na anayenunua hisa za Tanga leo ananunua kesi. Septemba 2022 Baraza la Ushindani likautengua uamuzi wa Tume wa kuruhusu ununuzi ule. Mambo yakazunguka huku na huko, na mwaka 2024 Saruji ya Tanga ikaishia kununuliwa na Amsons. Kuna watu wanaolipwa mishahara minono kuandika kurasa nne za namna hiyo, nami nimezisoma za baadhi yao.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo. Enyi wenye makampuni, chukueni taarifa ya mwaka ya kampuni yoyote iliyoko sokoni, ondoeni jina, mpeni kila mwombaji saa tatu na karatasi, na muulize: ungeikopesha? kwa nini? Waombaji wakiwa 2,000, wengi watajitoa wenyewe wakiiona tu. Waliobaki wasomwe na mtu. Itawagharimu siku chache za mchambuzi mmoja. Mkishaona majibu, basi fungueni bahasha mtazame na GPA, sina neno, maana hapo itakuwa ni habari moja kati ya habari. Na mkimkataa mtu mwambieni sababu. Deni la mkopo wa masomo litamdai huyu binti asilimia 15 ya mshahara siku akiajiriwa. Taifa linamdai kana kwamba limemwamini, na waajiri wanamfungia kana kwamba hakusoma.

Mwezi uliopita nilimwambia aache kuandika barua za maombi. Nikamwambia azichape zile kurasa za saruji vizuri, aongeze ukurasa mmoja juu ya kampuni anayoiona inauzwa rahisi mno sokoni sasa, azipeleke kwa mkono. Amepeleka makampuni matatu. Mawili hayajajibu. La tatu limemwandikia kwamba kurasa zake zimesomwa na mkurugenzi mwenyewe, na kwamba afike Alhamisi saa nne asubuhi kwa mazungumzo. Chini kabisa, kwa herufi nzito, wameongeza: uje na nakala halisi ya matokeo yako ya chuo kikuu.